Uzi maalumu: Kutengeneza mkoba wa protoni wa Ghostbusters (1984) kwa vifaa vya nyumbani, ufanane na ule wa kwenye sinema

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaopenda kutengeneza mavazi na vifaa vya sinema kwa mikono yao, na hasa wale wanaouliza kama inawezekana kuutengeneza mkoba wa protoni wa Ghostbusters, yaani ile mashine ya kubuni ambayo wawindaji wa mizimu wa sinema hiyo huibeba mgongoni, bila kuagiza hata kipande kimoja kutoka nje. Inawezekana. Nitaeleza kwa kirefu namna ya kufanya, lakini kwanza tuelewane juu ya maana ya kufanana na sinema, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia kabla hata wembe haujagusa povu.

Mkoba ninaouzungumzia ni wa filamu ya kwanza, ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Ivan Reitman. Aliyeubuni ni Stephen Dane, aliyebuni pia mitego ya mizimu na lile gari jeupe, na alichukua mfano wake kwenye mtambo wa kijeshi wa kurushia moto unaobebwa mgongoni. Maganda yake yalitengenezwa kwa faibaglasi na kikosi cha Chuck Gaspar, kwa kutumia kalibu za mpira ili yote yatoke sawasawa. Kila mkoba ulikuwa na uzito wa takriban kilo 14, na betri za kuwashia taa zilipowekwa ndani ukakaribia kilo 23. Waigizaji walikuwa wakiubeba kwa saa nyingi na migongo ikawauma, kwa hiyo yalitengenezwa pia matoleo mawili mepesi: moja lililo tupu ndani kwa ajili ya picha za mbali, na jingine la povu la mpira kwa ajili ya matukio ya purukushani.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu. Mkoba wa povu ulikuwemo kwenye sinema yenyewe, na watazamaji wa dunia nzima wameutazama kwa miaka mingi bila kuutofautisha na ule wa faibaglasi. Zaidi ya hapo, vitu vingi vilivyopachikwa juu ya ganda vilikuwa vifaa vya kawaida vya viwandani: rezista kubwa za rangi ya dhahabu, vali ndogo za hewa, viungo vya kona vya mipira, na waya bapa wa rangi nyingi kama ule uliokuwa ndani ya kompyuta za zamani. Mtu anayekusanya vipande kutoka kwenye printa mbovu na redio iliyokufa anafuata njia ileile waliyoifuata mafundi wa mwaka 1984, na asikubali mtu amwambie kwamba kazi yake ni ya bandia kwa sababu hakununua rezista ya kiwanda fulani.

Msimamo wangu ni kwamba ufanano unatokana na uwiano wa vipimo, unene wa tabaka na mpangilio wa vipande, na kwamba aina ya malighafi ni jambo la mwisho kabisa. Nimeona mikoba yenye vali halisi za bei kubwa lakini saiklotroni yake (ile duara kubwa ya chini yenye taa nne nyekundu) ni ndogo kupita kiasi, na jicho likaikataa papo hapo. Nimeona pia mikoba ya maboksi yenye vipimo sahihi ambayo ukiitazama kwa umbali wa hatua kumi huwezi kuitilia shaka.

Kwa hiyo tuanze na vipimo. Tafuta picha za sinema ambazo mkoba unaelekea kamera moja kwa moja, bila kupindwa upande. Tukio la lifti ya hoteli, pale mkoba unapowashwa kwa mara ya kwanza, linafaa sana kwa kutazama vipande kwa karibu kwa sababu waigizaji wamesimama. Simamisha picha, ichapishe kubwa kadiri unavyoweza, kisha pima kwa rula kipenyo cha saiklotroni. Kila kipimo kingine kiandike kama sehemu ya kipenyo hicho. Tuseme kwenye karatasi duara lina milimita 60 na kisanduku fulani kina upana wa milimita 15. Basi kisanduku ni robo ya duara, na kama duara lako halisi litakuwa na sentimita 30, kisanduku kitakuwa na sentimita 7 na nusu. Usipime kitu chochote kwa kukisia, hata kama ni kidogo. Mashabiki wa nchi mbalimbali wamechora pia ramani za vipimo kamili na kuzisambaza bure mtandaoni, nazo zinasaidia sana kuthibitisha hesabu zako.

Ukimaliza hesabu, usikimbilie povu. Kata umbo zima kwa maboksi ya kawaida, liunganishe kwa karatasi ya kunata, livae, kisha mwombe mtu akupige picha kwa nyuma akiwa mbali, mita tano au sita, akivuta picha kwa zumu ya simu. Umbali huo ni wa lazima, kwa maana lenzi ya simu ikiwa karibu huvimbisha kilicho mbele na kukuonyesha mkoba mkubwa kuliko ulivyo. Linganisha picha hiyo na ya sinema. Tazama mkoba unaanzia wapi mabegani, unaishia wapi chini ya kiuno, na umejitokeza kiasi gani ukitazamwa ubavuni. Watu wengi husahau huo ubavu, wakatengeneza kitu kilicholala mgongoni kama sinia, ilhali mkoba wa sinema una kina kirefu, hasa sehemu ya chini.

Sasa vifaa. Ubao wa nyuma, ambao kwenye sinema ulikuwa wa alumini, utengeneze kwa plaiwudi nyembamba. Ganda litengeneze kwa ile mikeka ya povu ya kucheza watoto inayoungana kwa meno. Unene wake wa takriban sentimita moja unatosha kwa tabaka nyingi. Kwa vipande vidogo, nyayo za kandambili zilizochakaa zinafaa sana, kwani ni povu zito linalokatika vizuri na kushika ukingo mkali. Mirija yote, mifupi na mirefu, itoke kwenye mabaki ya mabomba ya plastiki ya maji na ya nyaya za umeme. Lile kopo lenye matundu lililo sehemu ya juu utalipata kwenye kopo la maziwa ya unga au la rangi lenye kipenyo kinacholingana na hesabu yako. Mipira ya rangi inayopita juu ya ganda itoke kwenye mipira myembamba ya tangi la samaki, na mpira mnene mweusi unaouunganisha mkoba na fimbo ya kurushia miale, ile inayoshikwa mkononi kama bunduki, utoke kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Boliti usiziigize kwa plastiki: boliti halisi za vichwa vya alen hupatikana katika duka lolote la vyuma, na chache tu zilizowekwa mahali pake huupa mkoba mzima sura ya chuma.

Saiklotroni nitaieleza kwa undani, maana ndiyo inayotazamwa kwanza. Kifuniko cha ndoo ya lita 20 kina kipenyo cha takriban sentimita 30, nacho chaweza kutumika kama kielelezo cha kuchorea iwapo kinalingana na hesabu zako. La sivyo, tumia bikari ya msumari na uzi. Kata duara mbili au tatu za povu na uzibandike moja juu ya nyingine. Wembe uwe mpya kabisa, na uvunje ncha yake iliyochoka mara kwa mara, kwa sababu wembe uliochoka hauchani povu bali hulivuta na kuacha ukingo wenye manyoya. Ukingo wa juu ukatwe kwa mshazari: laza wembe kwa nyuzi 45, uuvute polepole kwa mkupuo mrefu, huku mkono wa pili ukilizungusha povu badala ya kuuzungusha wembe. Ukiona michirizi, isawazishe kwa msasa laini. Kisha toboa mashimo manne ya taa, yaliyogawanyika sawasawa kuzunguka duara, na kila shimo ulizungushie pete nyembamba ya povu la kandambili kabla ya kuweka kifuniko angavu cha chupa ya dawa au ya manukato. Pete hizo ni jambo dogo, lakini bila hizo taa huonekana zimetobolewa tu kwenye mkeka.

Kwa kubandika povu, gundi ya mafundi viatu ndiyo bora. Paka pande zote mbili, subiri mpaka ikiguswa isishike kidole, ndipo uzikutanishe kwa uangalifu kwa sababu zikigusana haziachani. Fanya kazi hiyo nje au penye madirisha wazi, maana mvuke wake ni mkali kwa mapafu. Gundi ya moto ya bunduki inafaa kwa vitu vidogo, ila ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hulainika na vipande huanguka.

Mchangiaji: Mkuu, shukrani kwa maelezo haya. Mimi nina povu jeupe lililokuja na televisheni, ni jingi na halikunigharimu chochote. Je, siwezi kulitumia kwa ganda? Na tafadhali utueleze kuhusu rangi.

Mwanzisha uzi: Ndugu, povu lile jeupe laweza kutumika kwa kujaza ndani tu, mahali ambapo rangi haitafika. Rangi za kopo la kupuliza zina kiyeyusho kinacholila povu hilo. Utapuliza na kuliona likibonyea na kutoboka mbele ya macho yako. Ukilazimika kulitumia nje, lifunike kwanza kwa tabaka za karatasi na gundi nyeupe ya mbao mpaka lisionekane hata kidogo.

Povu la mkeka nalo lina hatua zake. Kwanza lipitishie hewa ya moto. Mashine ya hewa ya moto ya mafundi ndiyo nzuri, na draya ya nywele yenye nguvu inaweza kusaidia. Utaona uso wake ukibadilika na kung'aa kidogo. Hapo vinyweleo vyake vimejifunga. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Ukiiruka hatua hii, povu litainywa rangi na uso utabaki na ukwaruzo wa mkeka, hata upulize makopo mangapi.

Rangi yenyewe iwe nyeusi isiyong'aa sana. Kuhusu kuuchakaza mkoba ili uonekane umetumika, nina maoni ambayo huenda wengine hamtakubaliana nayo. Watu hupaka fedha kila ukingo, kana kwamba kitu kizima ni chuma kilichobanduka rangi. Ganda la sinema lilikuwa faibaglasi, ambayo haina chuma cha kufichuka chini yake. Ubao wa nyuma na baadhi ya vipande vya juu ndivyo vilivyokuwa alumini. Kwa hiyo fedha iwe kwenye kingo za ubao na kwenye vipande vinavyowakilisha chuma. Ganda lenyewe lipate mikwaruzo ya kijivu na vumbi tu. Chukua brashi ngumu, ichovye kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye gazeti mpaka ionekane kama haina rangi tena, kisha ipitishe juu juu kwenye kingo ambazo kwa kawaida zingegusa ukuta, mlango wa gari au sakafu. Unga wa penseli laini ukisuguliwa kwa kidole juu ya vichwa vya boliti hutoa mng'ao wa chuma ambao hakuna rangi ya kopo inayoufikia.

Mchangiaji: Mimi ni fundi redio, kwa hiyo kilichonivuta ni taa. Unashauri kutumia kompyuta ndogo za kuprogramu (bodi kama Arduino), au kuna njia rahisi zaidi?

Mwanzisha uzi: Fundi, karibu sana. Kwa taa nne za saiklotroni, ambazo kwenye filamu ya kwanza huwaka moja baada ya nyingine kwa mzunguko, hakuna haja ya programu yoyote. Chipu ya 555 itoe mapigo, na chipu ya 4017 iyahesabu. Mapigo yaingie mguu wa 14 wa 4017, na taa nne za LED nyekundu ziungwe kwenye miguu ya 3, 2, 4 na 7, kwa mpangilio huohuo. Mguu wa 10, ambao ndio ungewasha taa ya tano, uurudishe kwenye mguu wa 15 ili hesabu ianze upya. Mguu wa 13 na wa 8 iende hasi, wa 16 uende chanya. Kwa kuwa taa moja tu ndiyo inayowaka kwa wakati mmoja, rezista moja ya kiloomu 1 kwenye njia ya pamoja ya hasi inazitosha zote nne.

Kwa upande wa 555, rezista ya kiloomu 10, nyingine ya kiloomu 47 na kapasita ya mikrofaradi 4.7 zitakupa takriban mapigo matatu kwa sekunde. Badala ya ile ya kiloomu 47 weka rezista ya kuzungusha ya kiloomu 100, ikitanguliwa na ndogo ya kiloomu 1 ili isishuke hadi sifuri, kisha cheza filamu mbele yako na uzungushe mpaka taa zako ziende sambamba na za kwenye skrini. Umeme utoke kwenye betri sita ndogo za volti 1.5 zilizofuatana, kwani ile betri ya mraba ya volti 9 huisha mapema.

Ule ukanda wa taa za bluu ulio ubavuni mwa mkoba ni suala gumu zaidi. Kwenye sinema mwanga wake hupanda kutoka chini, ukijaza safu mpaka juu kabla ya kuanza tena, ilhali 4017 peke yake huonyesha nukta moja inayotembea. Unaweza kuijaza safu kwa kuunganisha dayodi nyingi, lakini kwa kazi hiyo hata mimi nakubali kwamba kompyuta ndogo ya kuprogramu ni nafuu ya muda na ya waya. Juu ya taa weka kipande cha plastiki nyeupe kama maziwa, kama ya chupa ya mafuta ya kujipaka, ili mwanga usambae na nukta za LED zisionekane.

Mchangiaji: Nimekwisha kutengeneza wangu kwa povu na umbo lake limetoka vizuri, lakini nikitembea unarukaruka mgongoni na kuonekana mwepesi. Pia nimeambiwa kwamba wa kwenye sinema ulikuwa kwenye fremu ya jeshi. Nitaipata wapi?

Mwanzisha uzi: Dada au kaka, hongera kwa kufika hapo. Kurukaruka kunatokana na uzito kuwa mdogo na kuwa juu. Funga chupa mbili za maji au mfuko wa mchanga ndani ya sehemu ya chini, karibu kabisa na ubao wa nyuma, kilo mbili au tatu zinatosha. Ongeza mkanda wa kiunoni wenye upana wa vidole vinne, uubane kabla ya kukaza mikanda ya mabegani. Mkoba ukilala vizuri kwenye nyonga, hata mwendo wako hubadilika, ukaanza kuinama mbele kidogo kama walivyokuwa wakiinama waigizaji.

Kuhusu fremu, ni kweli kwamba mikoba ya sinema ilifungwa kwenye fremu za alumini za jeshi la Marekani zinazoitwa ALICE, zilizoanza kutumika miaka ya 1970. Hata hivyo, kwa aliye Afrika Mashariki nasihi sana asihangaike kuitafuta. Kenya, Tanzania na Uganda zina sheria zinazowazuia raia kuvaa sare na mavazi ya jeshi, na anayekukuta na fremu yenye mikanda ya kijani ya kijeshi hatakuwa na muda wa kusikiliza habari za sinema. Chukua bomba jembamba la alumini, au hata la plastiki la nyaya za umeme, ulipinde kwa moto wa kiasi mpaka lifuate umbo la mgongo, na ulifunge kwenye plaiwudi kwa boliti. Mikanda itoke kwenye begi kuukuu la shule lenye sponji nene. Ukiwa umeuvaa, fremu karibu yote imefichwa kati ya mgongo na ubao. Kinachoonekana ni mikanda ya mabegani, na hiyo ikiwa nyeusi haimkwazi mtu yeyote.

Niongeze jambo la usalama, kwa sababu linaambatana na hilo. Mkoba huu una waya, taa zinazozunguka na vibandiko vya tahadhari ya umeme. Anayeujua atafurahi, na asiyeujua anaweza kuogopa kwa haki kabisa. Usipande nao daladala wala matatu ukiwa umeuvaa, na usiingie nao dukani, benki au uwanja wa ndege. Uusafirishe ndani ya boksi, betri zikiwa zimetolewa na fimbo ikiwa imetenganishwa, pamoja na picha ya sinema iliyochapishwa juu ya boksi ili mlinzi aelewe mara moja. Kama unaupeleka kwenye maonyesho ya mavazi ya sinema na vibonzo, kama yale ya Naiccon ya Nairobi, waandikie waandaaji mapema na uwatumie picha, kisha uuonyeshe mlangoni kabla hujauliziwa. Vibandiko vya tahadhari vibandike mwisho kabisa, baada ya rangi kukauka kwa siku kadhaa, na kila kimoja ukipitishie kidole chenye unga wa penseli pembezoni ili ukingo wa karatasi usionekane.

Mchangiaji: Na fimbo, mkuu? Umeitaja tu.

Mwanzisha uzi: Kweli, na inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo kitu pekee utakachokishika mkononi mbele ya watu. Mwili wake ni kisanduku. Utengeneze kwa plaiwudi nyembamba au plastiki ngumu ya kasha la kompyuta, wala si kwa povu, kwani mkono hutambua ulaini mara moja hata kama jicho halitambui. Mtutu wa mbele ni bomba la plastiki ndani ya bomba jingine: la ndani liteleze, lisukumwe na springi, na lizuiwe na kipini kidogo. Ukikivuta kipini, ncha inachomoka mbele kama inavyochomoka kwenye filamu. Sehemu angavu ya mbele itoke kwenye mrija wa plastiki ngumu wa kalamu kubwa, na taa ya rangi ya chungwa ikae juu karibu na mbele. Mishikio miwili izungushie mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa mkanda mwembamba na kuvutwa kwa nguvu ili usilegee.

Kabla ya kufunga kisanduku, hakikisha swichi zote zinafikiwa na kidole gumba bila kuitazama fimbo, na waya zake zipite ndani ya ule mpira mnene mweusi hadi kwenye betri zilizo mgongoni. Acha urefu wa ziada wa mpira, kiasi cha mkono mzima ulionyooshwa, maana mpira mfupi utakulazimisha kusimama kiupande kila unapotaka kulenga.